Mwanga Hukaa Ndani Mpaka Uukwaruze

Bamba langu la kwanza nililisugua lote. Nilikuwa nimeona picha za makasha ya kompyuta yenye ubavu wa akriliki (plastiki ngumu, angavu kama kioo) unaowaka kwa upole kama taa ya chumba cha kulala, nikaamini siri yote ni msasa: chukua akriliki angavu, isugue mpaka ipate ukungu, weka utepe wa LED chini yake, washa. Nilisugua jioni mbili. Bega liliuma, vumbi jeupe likanijaa kwenye nyusi, na mwishowe nikapata ukungu mzuri mno, laini, sawasawa kila kona. Nilipowasha, sehemu ya chini ilishika rangi ya buluu kali kwa kimo cha vidole vinne hivi, kisha mwanga ukakatika. Kutoka hapo hadi juu kulikuwa kijivu tu. Kadi ya michoro niliyojinyima miezi kadhaa ili niinunue ilikuwa imejificha nyuma ya kitu kinachofanana na dirisha la bafuni.

Nikadhani taa hazina nguvu, nikaongeza nyingine. Buluu ya chini ikazidi kuumiza macho. Kijivu cha juu hakikujali.

Mdogo wangu alipita, akatazama kidogo, akauliza, "Kaka, hili bado hujalisafisha?"

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea, na nilipokielewa nikaacha kuiona akriliki kama taa. Akriliki ni mfereji. Mwanga ukiingia kupitia ukingo wake, hauna haja ya kutoka. Hesabu yake ni fupi, na nitaieleza kwa sababu maamuzi mengine yote ya kazi hii yanatoka humo. Mwanga ndani ya akriliki huenda polepole kuliko hewani, kwa uwiano wa 1.49. Kwa hiyo miale inayoingia kwenye ukingo uliong'arishwa, hata ile inayokuja ikiwa imelala kabisa, hupindwa na kubanwa ndani ya nyuzi 42 kila upande wa mstari ulionyooka. Sasa miale hiyo ikienda kugonga uso wa bamba, itaugonga kwa pembe ya nyuzi 48 au zaidi kutoka wima wa uso huo. Na hapo ndipo raha ilipo, kwa sababu mwanga ulio ndani ya akriliki ukigonga uso kwa pembe inayozidi nyuzi 42 hauwezi kutoka hewani. Unarudishwa wote ndani. Unagonga uso wa pili, unarudishwa tena, na hivyo hivyo hadi ukingo wa mbali.

Ndiyo maana bamba safi lenye LED chini yake huonekana kama halina taa, isipokuwa mstari mmoja unaowaka juu kabisa, pale mwanga unapokuta ukingo mwingine. Wanaofundisha fizikia huliita jambo hili uakisi kamili wa ndani. Jean-Daniel Colladon alilionyesha mbele ya watu kule Geneva mwaka 1841 kwa maji: aliingiza mwanga kwenye mchirizi wa maji unaotoka tundu la chombo, na mwanga ukapinda pamoja na maji hadi chini. Kebo za intaneti zinazopita chini ya bahari zinatumia ujanja huohuo. Nasi tunautumia kupamba sanduku lenye feni ndani yake.

Mkwaruzo ndio unaovunja mpango. Ukikwaruza uso, mwale unaofika hapo unakuta vilima na mabonde badala ya uwanja tambarare, pembe zinavurugika, na sehemu ya mwanga inatoka. Jicho linaona mkwaruzo unawaka. Kwa maneno mengine, nilipolisugua bamba langu lote nilikuwa nimetoboa mfereji kila mahali kuanzia mlangoni, halafu nikashangaa maji hayafiki shambani.

Bamba la pili nikaliendea kwa adabu. Nilichora korongo amesimama kwa mguu mmoja, kichwa juu, mabawa yamefunguka kidogo. Nikakata umbo lake kwenye stika, nikalibandika, nikasugua ndani ya umbo tu na kuacha kila kitu kingine na filamu yake ya kiwandani. Nilipowasha, mabawa yaliwaka vizuri ajabu. Mguu haukuonekana. Korongo alielea hewani kama ametundikwa.

Nililaumu taa tena (mtu hajifunzi mara moja), kisha nikachukua tochi, nikaishika kwenye ukingo wa pembeni badala ya chini. Mguu ukawaka papo hapo, na mabawa yakafifia. Hapo ndipo nilipotazama mikwaruzo yenyewe kwa karibu. Mguu ni mrefu na mwembamba, kwa hiyo nilikuwa nimeusugua juu-chini, kwa kufuata urefu wake. Mabawa nimeyasugua kushoto-kulia. Taa zilikuwa chini, mwanga unapanda juu. Mikwaruzo ya mguu ilikuwa imelala sambamba na safari ya mwanga, na mwanga ukapita juu yake kama gari linavyofuata mifereji ya matairi barabarani. Mikwaruzo ya mabawa ilikuwa imekingama, kila mmoja ni tuta.

Hilo ni jambo ambalo ningependa mtu aliniambie mapema. Mwelekeo wa mkono wako una uzito sawa na namba ya msasa. Ukitaka ukungu usiojali mwanga unatoka wapi, sugua kwa miduara midogo, au tumia mashine ya msasa inayozunguka huku ikiyumba, au puliza mchanga kama una vifaa vyake. Na ukitaka uchawi kidogo, fanya makusudi kile nilichokifanya kwa bahati mbaya: picha mbili kwenye bamba moja, moja imekwaruzwa juu-chini na nyingine kushoto-kulia, na utepe wa LED kwenye kingo mbili zinazopakana. Washa wa chini, inatawala picha moja. Washa wa pembeni, inatawala nyingine. Haizimiki kabisa ile ya kwanza, lakini tofauti inatosha kumfanya mgeni asogeze kiti.

Kuhusu namba za msasa, mimi naanza na 240, namalizia na 400, nikitumia maji yenye tone la sabuni ili vumbi lisielee na plastiki isipate joto. Msasa wa 120 unatoa mikwaruzo inayohesabika, na taa ikiwaka kila mmoja unajitangaza. Ukivuka 600 ukungu unakuwa laini kwa macho lakini unavuta mwanga kidogo. Funga msasa kwenye kipande cha mbao au mpira mgumu, maana vidole vina mifupa na mifupa huacha mabaka. Vaa barakoa kama unasugua pakavu.

Sugua upande wa nyuma, picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Uso wa mbele ukibaki laini unaufuta kwa kitambaa chenye unyevu na biashara imeisha. Ukisugua mbele, mafuta ya vidole yanaingia kwenye mikwaruzo, yanaijaza, na korongo wako anaota madoa meusi.

Wanaotumia leza wana raha zao, lakini kuna jambo la kuuliza kabla ya kununua bamba: limemiminwa au limesukumwa? Akriliki iliyomiminwa kwenye kalibu ikichongwa kwa leza inageuka nyeupe kama baridi kali kwenye majani, ndicho tunachokitaka. Iliyosukumwa kwa mashine inayeyuka tu na kuacha alama inayokaribia kuwa angavu, haivutii. Hata kwa msasa, iliyosukumwa huwa na tabia ya kunata ikipata joto. Na ile dawa ya tindikali ya kutia ukungu kwenye kioo halisi isikuhangaishe: inakula silika, ile ya mchanga unaotengenezea kioo, na akriliki haina silika.

Turudi kwenye umbali. Hata ndani ya umbo la korongo, miguu iko karibu na taa na kichwa kiko mbali. Ukisugua kwa nguvu ileile kote, chini kunang'aa na juu kunasinzia. Ukitaka kujua dawa yake, fungua skrini ya zamani ya kompyuta mpakato iliyokufa. Nyuma ya kioo chake utakuta bamba jembamba la plastiki angavu lenye taa kwenye ukingo mmoja tu, na juu ya bamba hilo kumetapakaa nukta ndogo sana. Karibu na taa nukta ni chache na zimeachana. Mbali na taa zinasongamana. Mwanga ukiwa mwingi unatolewa kidogo kidogo, na ukipungua unakamuliwa. Ndiyo sababu skrini nzima inaonekana sawa.

Kwa mkono tunaigiza hivyo hivyo. Sehemu ya chini ya picha naigusa kwa 400 mara chache tu. Katikati naongeza. Juu naingia na 240, nasugua mpaka nione weupe kamili. Bamba likiwa mezani bila taa, picha inaonekana imekosewa, chini hafifu na juu nzito, na mtu asiyejua atakushauri uirekebishe. Usimsikilize. Pima kwa tochi, au bora zaidi kwa utepe wenyewe, kila baada ya dakika chache. Mwanga wa chumba hudanganya.

Ukingo wa kuingilia nao una madai yake. Ukitoka kwenye msumeno una meno, na meno hayo yanatawanya mwanga kabla haujaanza safari: miale inaingia kwa pembe za ovyo zinazozidi zile nyuzi 42, na mingine inavuja usoni palepale chini. Ndiyo ile mistari mikali unayoiona kwenye kazi za haraka. Naupandisha ukingo ngazi kwa ngazi, 400, 600, 800, 1000, 2000, halafu dawa ya kung'arishia na kitambaa, mpaka nione maandishi kupitia humo. Kuna wanaopitisha moto wa gesi haraka kwenye ukingo, ukalainika na kung'aa kwa sekunde moja. Inapendeza, nami niliipenda, mpaka siku niliyofuta mabaki ya gundi kwa spiriti kwenye ukingo kama huo. Moto unaacha mkazo uliojificha ndani ya plastiki, na spiriti inaufungua. Nilikuwa bado nimeshika kitambaa nilipoona nyufa ndogondogo zikitembea kama mizizi. Na kumbuka, ufa nao ni mkwaruzo. Nilipowasha taa, zile nyufa ziliwaka kuliko korongo.

Tangu hapo akriliki yangu haionji spiriti, wala dawa za vioo zenye amonia. Maji, sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Supaglu nayo ikae mbali na sehemu zinazoonekana, kwa sababu mvuke wake huacha utando mweupe kuzunguka kiungo; ni ukungu, ndiyo, lakini si ule uliouchora.

Makosa mengine yanachekesha zaidi. Nililibandika bamba kwenye kasha kwa tepu ya pande mbili, vipande vinne kwenye pembe. Tepu ikigusana na akriliki bila hewa katikati, mwanga unahesabu gundi kama njia ya kutokea. Kwa hiyo nilikuwa na korongo mmoja na miraba minne inayong'aa kwenye pembe, mizuri kabisa, iliyonyooka kuliko chochote nilichochora kwa mkono. Nilijaribu kujishawishi kwamba ni mtindo. Akipenda chongo huita kengeza. Baada ya wiki niliing'oa na kutumia skrubu zenye washa (vipete bapa) za nailoni, zinazogusa sehemu ndogo na kuacha hewa nyuma ya bamba.

Na matundu ya skrubu yawe mapana kidogo kuliko skrubu zenyewe. Akriliki hutanuka kwa joto kiasi cha milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bamba la sentimita 40 likipata joto la nyuzi 20 zaidi linaongezeka zaidi ya nusu milimita. Ni kidogo, lakini likikosa pa kwenda linapinda au linapasuka tunduni. Wakati wa kutoboa weka ubao chini, endesha drili polepole, na usibonyeze: ncha ya kawaida ya chuma hupenda kuuma na kuvuta bamba juu, na mlio unaofuata hutausahau.

Umeme nitaupitia kwa kifupi kwa sababu si mgumu. Pawasaplai ya kompyuta inatoa volti 12 kwenye waya wa njano na volti 5 kwenye mwekundu; nyeusi ni ardhi. Kama unaunganisha LED moja moja, nyeupe tatu mfululizo zinakula takriban volti 9.6. Zinabaki 2.4, na kwa mkondo wa miliampea 20 unahitaji rezista ya omu 120. Siku hizi wengi wananunua utepe, na ule wa volti 12 wa kawaida hukatwa kila baada ya LED tatu kwa sababu hiyohiyo. Hatari iko kwenye plagi za mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta: ile ya pini nne ni ya volti 12, rangi moja kwa utepe mzima, ile ya pini tatu ni ya volti 5, na kila LED inapokea amri yake peke yake. Ukichomeka utepe wa volti 5 kwenye volti 12 unaunguza kila kitu kimya kimya. LED za aina hiyo ya pili zinaweza kula hadi miliampea 60 kila moja zikiwa nyeupe kamili, kwa hiyo 30 ni ampea 1.8. Soma kitabu cha mazabodi yako uone plagi inabeba kiasi gani kabla ya kujaza kasha zima.

Ukubwa wa LED unasahaulika zaidi. LED inayoitwa 5050 ina upana wa milimita 5 kwa 5, ndipo jina lilipotoka. Ukiiweka chini ya bamba la milimita 3, sehemu kubwa ya mwanga inapita pembeni na kumulika nyaya ulizokuwa unazificha. Mimi natumia bamba la milimita 5 au 6, na utepe nauzika kwenye mfereji wa alumini wenye umbo la U ili usichungulie. Kwenye kingo nyingine tatu naweka foili ya alumini bila kuibandika moja kwa moja kwenye plastiki, inarudisha mwanga uliokuwa unatoroka. Wapo wanaoacha ukingo wa juu na ukungu ili uwake kama mstari wa neoni. Ni wazuri kwa picha. Mimi naona unanyang'anya mchoro.

Ungewauliza wengi, wangesema rangi ndiyo jambo kubwa. LED ya buluu angavu, ambayo bila hiyo tusingekuwa na LED nyeupe, iliwapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na sisi tumeipokea kwa kuzungusha upinde wa mvua kwenye kila feni. Sina ugomvi na upinde wa mvua. Ila mchoro wa msasa una vivuli vyake, hafifu na vizito, na rangi zikikimbia vivuli havisomeki. Nyeupe yenye joto kidogo, ikiwa imeshushwa hadi robo ya nguvu, inaonyesha kazi ya mkono. Nguvu kamili inaonyesha taa.

Lile bamba la kwanza sikulitupa. Ukungu wa uso mzima una mahali pake: pale taa zinapokaa nyuma badala ya ukingoni. Nilikata kipande, nikakiweka mbele ya pawasaplai, LED zikiwa nyuma yake. Mwanzoni kila LED ilionekana kama nukta yake, kwa sababu nilizisogeza karibu mno. Nilipoongeza umbali hadi ukawa mara mbili ya nafasi iliyopo kati ya LED na LED, nukta zikayeyukiana. Zile jioni mbili za bega kuuma zikapata kazi, ingawa hakuna anayepaangalia.

Sasa hivi niko kwenye kitu kingine: mabamba mawili yaliyokaa mbele ya kasha, moja mbele ya jingine, na hewa ya milimita mbili katikati. La nyuma lina matete, litawaka kijani hafifu. La mbele lina korongo, mweupe. Kila moja na utepe wake, na kila moja halitajua kuhusu taa za mwenzake, kwa sababu mwanga wa bamba hauvuki hewa kwenda bamba la pili mpaka upewe mkwaruzo wa kutokea. Nimeacha sentimita mbili na nusu nyuma yake ili feni za mbele zipate pumzi. Mabamba mazuri yanayoziba hewa nimeyaona, na nimeona pia joto la prosesa zake.

Matete yamekwisha. Korongo bado mguu. Safari hii nausugua kwa kukingama, milimita kwa milimita, na kipande cha msasa nilichokizungushia kwenye kijiti cha kiberiti. Filamu ya upande wa mbele sijaibandua.